Barua kwa mwanangu: kuhusu maji ya mgongo

Tanga, Alhamisi usiku

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimetoka nje ya ua ili mama yako asisikie. Unataka kujua kama ugonjwa wa wifi yako ndio ule uliomchukua baba yako mdogo Salimu, na kama ni kweli mtu akitolewa maji ya mgongo harudi nyumbani. Nimeona nikuandikie. Kwa simu ningekwepa, na habari ya Salimu sijawahi kumwambia mtu yote.

Uliyonieleza juu ya wifi yako, kwamba dawa zake za VVU, zile za kliniki ya CTC, aliziacha tangu mwaka jana, yamefika kwangu na yameishia kwangu.

Ndiyo, ni ugonjwa ule ule. Daktari kasema damu imeonyesha kriptokokasi, kichwa kinamuuma wiki ya tatu, na sasa mwanga unamuumiza. Huyo ni fangasi, lakini si ndugu wa hawa wa kwenye vidole vya miguu. Anaishi kwenye udongo, kwenye miti inayooza, na zaidi kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Vumbi lake tunalivuta wengi wetu bila kujua, na mwili wenye kinga unamfungia mapafuni yakaisha. Kinga ikishuka sana, CD4 (hesabu ya askari wa kinga kwenye damu) chini ya 200 na hasa chini ya 100, anatoka mapafuni anapanda kwenye ubongo. Haambukizi kwa kukaa na mgonjwa wala kwa kula naye sahani moja. Mwambie mama mkwe wako aache kumtengea wifi yako kikombe.

Miaka yote niliyokaa maabara, huyu mdudu nilimtambua kwa wino. Unachukua tone la maji ya mgongo, unatia tone la wino mweusi, unafunika kioo, unainama kwenye hadubini. Kila kitu kinakuwa cheusi. Halafu katikati ya ule weusi unaona viduara vinang'aa, kila kimoja na pete yake ya mwanga, kama mwezi uliozungukwa na ukungu. Ile pete ni koti la sukari analojivika, na wino hauwezi kulipenya. Kitu kizuri kukitazama, Mungu anisamehe. Tatizo la wino ni kwamba wadudu wakiwa wachache unawakosa, nami najua niliwakosa. Siku hizi kuna kijiti kama kile cha malaria: tone la damu au la maji ya mgongo, dakika kumi, jibu. Vijana walipokuja nacho nilikidharau wiki moja tu.

Sasa Salimu. Ilikuwa 2002. Kichwa kilimuuma karibu mwezi. Tulimtibu malaria mara tatu, ya tatu kwa dripu ya kwinini. Akaanza kuona watu wawili wawili. Akaomba dirisha lizibwe kwa kanga. Wazee wakasema ni jini la baharini, kikasomwa kisomo. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshawaona wengi wa namna ile, kwenye vioo vyangu na kwenye vitanda vya wodini. Daktari akaomba ruhusa ya kumtoa maji, bibi yako akakataa: fulani alitolewa akafa, fulani naye vilevile. Wote wakanigeukia mimi, mtu wa hospitali. Nikanyamaza.

Nilijitetea moyoni kwamba haina faida. ARV za bure hazikuwapo bado, zilianza 2004. Dawa kali ya fangasi ilikuwa ya kubahatisha, na flukonazoli peke yake haikuokoa wengi. Huenda hata angechomwa angekufa tu. Lakini nilichokijua, nikakinyamazia, ni kwamba yale maji yangempunguzia maumivu. Alikufa siku ya tisa baada ya hapo, anapiga kelele za kichwa, na mimi nipo mlangoni.

Kwa hiyo hilo la sindano nisikilize vizuri.

Ubongo unatengeneza maji yake, kama nusu lita kwa siku, na kila siku yanarudi kwenye damu kupitia vijinjia vidogo. Huyu fangasi na sukari yake anaziba vile vijinjia. Maji yanaendelea kutengenezwa, hayana pa kutokea, presha inapanda ndani ya fuvu. Kichwa kinachouma, macho yanayoona viwili, kutapika, usingizi usioeleweka, mengi ya hayo yanatokana na presha hiyo. Sindano inafanya kazi mbili: inaleta sampuli, na inafungua bomba. Wanachotoa kwa mara moja hakizidi kikombe cha kahawa cha pale mjini. Nimeona mtu ameingia kabebwa, katolewa maji, na baada ya saa moja anaulizia chai. Presha ikirudi wanarudia, hata kila siku. Wakikwambia wanataka kumchoma tena, msidhani ya kwanza iliharibika.

Kuhusu ile hofu kwamba sindano itampooza: uti wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno. Sindano inaingia chini yake, penye mishipa inayoelea ndani ya maji, inasogea pembeni. Anaweza kuumwa mgongo au kichwa siku mbili tatu. Yule "fulani aliyetolewa akafa" alifikishwa hospitali siku ya ishirini na tano ya kuumwa. Watu walikumbuka tu kitu cha mwisho alichofanyiwa.

Dawa sasa zipo bora, ingawa si kila hospitali inazo, kwa hiyo uliza kwa majina. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Badala ya wiki nzima ya dripu ya amfoterisini ya zamani, ndiyo ile dawa kali ya fangasi, mgonjwa anapewa dozi moja kubwa ya ile mpya iliyofungwa kwenye mafuta, kisha vidonge vya flusaitosini na flukonazoli kwa siku kumi na nne. WHO ikaipitisha mwaka huo huo. Kama hawana hiyo mpya, wiki moja ya ile ya zamani pamoja na flusaitosini nayo ni tiba nzuri, na hapo Tanzania ni mojawapo ya nchi zilikofanyiwa majaribio. Ila ile ya zamani inatetemesha mwili na kuchosha figo, na potasiamu, chumvi ya kwenye damu, inashuka. Kila wakipima damu uliza potasiamu ni ngapi, bila kuona haya. Flusaitosini humezwa mara nne kwa siku, kwa hiyo usiku mtu lazima amwamshe. Hiyo kazi ichukue wewe, usimwachie nesi mwenye vitanda thelathini.

Sikufichi. Hata kwa dawa hizo, katika wagonjwa mia, karibu ishirini na tano walikuwa wamefariki ifikapo wiki ya kumi. Lakini kwa flukonazoli peke yake zaidi ya nusu walikuwa wakifa.

Kuna jambo moja litawachanganya. Mumeo atasema arudishiwe ARV leo leo, maana kuziacha ndiko kulikomfikisha hapo. Daktari atakataa, na daktari yuko sahihi. Uganda na Afrika Kusini walilipima hili, majibu yakatoka 2014: walioanza ARV mapema walikufa wengi kuliko waliosubiri kama wiki tano. Kinga ikiamka ghafla huku ubongo umejaa fangasi, inapigana humo humo ndani na ubongo unavimba. Watamwanzishia kati ya wiki ya nne na ya sita. Tarehe hiyo iandikeni kwenye kalenda ya ukutani, ili kusubiri kusije kugeuka kusahau.

Akitoka, flukonazoli itaendelea kwa miezi mingi, hata akijisikia mzima. Na apate mtu wa kumpitia nyumbani. Dar es Salaam na Lusaka waliwahi kuwafuatilia watu wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza ARV: waliopimwa huyu fangasi kwenye damu mapema na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Waliowatembelea hawakuwa madaktari. Ni watu wa kawaida waliofundishwa, wanabisha hodi na kuulizia dawa. Wifi yako usimgombeze kwa kuacha. Muulize aliacha kwa nini, siku akiwa na nguvu za kujibu.

Umeniuliza pia kama wawachinje njiwa wa mzee. Njiwa waacheni. Wifi yako asifagie banda lao, basi. Salimu naye alifuga, unakumbuka? Baada ya msiba walikaa ukutani wiki nzima wanasubiri mtama, na bibi yako akawa anawamwagia.

Najua wewe ni mke wa mtu pale, huwezi kumwambia baba mkwe wako asaini ruhusa ya sindano. Mimi nimempigia baada ya Isha, mzee kwa mzee. Nikamweleza ya sindano kama nilivyokueleza, halafu nikamweleza ya Salimu. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nipe usiku huu nifikiri." Nimemwomba asichelewe kuamua mpaka alasiri. Nitampigia tena saa kumi na mbili, akitoka msikitini. Wewe kaa karibu na simu, na umuulize nesi wa zamu daktari anaanza kupita wodini saa ngapi.

Baba yako