Wasomaji Wauliza: Tununue Taimshea au Tuendelee Kukodi?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zetu. Sisi ni Watanzania tunaoishi Columbus, Ohio: mimi, mume wangu, watoto watano, wa kwanza akiwa na umri wa miaka 16 na kitinda mimba miaka 3, pamoja na mama mkwe tunayeishi naye. Mwezi Machi tulikwenda Orlando, Florida, na kwa ajili ya punguzo la tiketi tulikubali kusikiliza maelezo ya mauzo ya taimshea (haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka) yaliyotangazwa kuwa ya dakika 90, lakini yakachukua karibu saa nne. Hatukutia sahihi, ingawa mume wangu alivutiwa, na mpaka sasa wanatupigia simu. Wanataka dola 24,000 kwa pointi za kutupatia nyumba ya vyumba viwili vya kulala kwa wiki moja kila mwaka. Kianzio ni dola 2,400, na kinachobaki ni mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15. Ada ya matengenezo ni dola 1,400 kwa mwaka. Wanasema watoto watairithi, na kwamba tunaweza kubadilishana wiki yetu na watu wengine tukaenda Mombasa au Zanzibar. Kwa sasa kila likizo tunakodi vyumba vitatu vya hoteli, na gharama inatuelemea. Je, tununue?
Mama wa Watano, Columbus

JIBU: Mama wa Watano, bei mliyotajiwa si ya ajabu katika biashara hiyo. Nchini Marekani, wastani wa bei ya wiki moja inayouzwa na kampuni yenyewe umezidi dola 20,000 katika miaka ya karibuni, na ada ya mwaka imezidi dola 1,000, kwa hiyo sitasema kwamba mnaibiwa. Hata hivyo, kwa familia kama yenu na kwa masharti hayo, ushauri wangu ni kwamba msinunue, na nitaeleza kwa kirefu kwa kuwa mume wako anastahili kupewa hoja badala ya katazo tupu.

Tuanze na hesabu, ambayo nina hakika hamkufanyiwa mezani kwa ukamilifu wake. Mkopo wa dola 21,600 kwa riba ya asilimia 15 utawatoa karibu dola 348 kila mwezi, yaani takriban dola 41,800 mpaka utakapokwisha. Mkijumlisha kianzio, nyumba ya dola 24,000 imekuwa ya dola 44,200. Ada ya matengenezo nayo haikai pale ilipo. Ikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, katika miaka kumi mtakuwa mmelipa karibu dola 17,600 zaidi. Jumla inakaribia dola 61,800 kwa wiki kumi za likizo, sawa na dola 6,180 kwa wiki moja, kabla hamjanunua tiketi ya ndege wala sahani ya chakula. Kwa upande mwingine, Kissimmee na Davenport, miji iliyo jirani na bustani za burudani za Disney karibu na Orlando, imejaa nyumba kamili za kukodi zenye vyumba vinne, vitano au zaidi, jiko, mashine ya kufulia na bwawa la kuogelea uani, na kwa tarehe nyingi za mwaka nyumba ya namna hiyo hupatikana kwa chini ya nusu ya kiasi hicho, ada ya usafi na kodi zikiwa zimeingizwa. Kumbukeni pia kwamba hoteli ya vyumba vitatu mnayolinganisha nayo ndiyo njia ghali kuliko zote ya kuwalaza watu wanane, na muuzaji alifurahi sana mlipoitaja.

Suala la pili ni idadi yenu. Nyumba ya vyumba viwili kwa kawaida huruhusiwa kulaza watu sita au wanane, na wanane hao huhesabiwa pamoja na wanaolala sebuleni kwenye kochi la kufunguka. Sidhani kama kuna mwenye adabu atakayemlaza mama mkwe kwenye kochi hilo, kwa hiyo chumba kimoja ni chake, cha pili ni chenu, na watoto watano wanabaki sebuleni, wa miaka 16 na wa miaka 3 wakigombea taa izimwe au iwake. Mkitaka vyumba vitatu, pointi zitakazohitajika ni nyingi zaidi, na hapo ndipo mtakapoambiwa mwongeze ununuzi. Ulizeni pia, na mjibiwe kwa maandishi, kama mtoto mdogo anahesabiwa katika kikomo cha watu.

Kuhusu pointi, zingatieni kwamba thamani yake hubadilika kulingana na msimu. Pointi zinazowapatia vyumba viwili mwezi Septemba huenda wiki ya Krismasi zisitoshe zaidi ya chumba kimoja, na ninyi, kwa kuwa na watoto wanne au watano shuleni, hamwezi kusafiri Septemba. Mnataka wiki zilezile zinazotakiwa na kila mzazi wa Marekani, na katika mifumo mingi wanaozipata ni wale wanaoweka nafasi miezi kumi au zaidi kabla ya safari. Kama mmoja wenu anafanya kazi ya zamu hospitalini au kiwandani, na hujua ratiba yake mwezi mmoja tu mbele, mtakuwa mnalipia haki msiyoweza kuitumia.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili, na sidhani muuzaji alikuwa na sababu ya kulifikiria. Familia yenu ina nyumbani kwingine. Kuna mwaka mtakwenda Tanzania, kwa harusi, kwa msiba au kwa sababu bibi anataka kuwaona ndugu zake, na nauli ya watu wanane itameza fedha zote za likizo pamoja na siku zote za ruhusa za kazini. Mwaka huo hamtaiona Florida, lakini mkopo na ada vitadaiwa kama kawaida. Baadhi ya kampuni huruhusu pointi kuhamishiwa mwaka unaofuata, ila kwa masharti na mara nyingi kwa malipo, na kutumia likizo mbili katika mwaka mmoja kunahitaji siku za ruhusa ambazo waajiriwa wengi wa Marekani hawana. Tena, mkopo huo utakapokwisha mwanao wa kwanza atakuwa na miaka 26 na huenda ana familia yake. Mnanunua nyumba ya watu wanane kwa kipindi ambacho mtaanza mkiwa wanane na kumaliza pengine mkiwa watano.

Kuhusu kubadilishana na kwenda Mombasa au Zanzibar, mitandao ya kubadilishana ipo kweli na ni ya miaka mingi. RCI ilianzishwa mwaka 1974 na Interval International mwaka 1976. Lakini mtandao hutoa tu kile ambacho mwanachama mwingine amekiweka. Ili mpate wiki ya Julai pwani ya Afrika Mashariki kwa watu wanane, lazima mwenye nyumba ya ukubwa huo, katika wiki hiyo hiyo, awe ameiacha. Mtalipa ada ya uanachama na ada ya kila mabadilishano, kisha msubiri. Na nikiruhusiwa kusema kwa wazi, Mtanzania kulipa dola elfu kadhaa huko Florida ili apate kitanda Zanzibar ni safari ndefu isiyo na sababu.

Urithi nao hauna utamu uliopambwa nao. Anayerithi taimshea anarithi haki ya wiki pamoja na ada yake. Mrithi anaweza kuikataa kwa maandishi, mradi afuate taratibu za sheria na muda wake na asiwe ameanza kuitumia, lakini mkiandikisha majina ya watoto kwenye hati tangu sasa mtakuwa mmewafunga mapema. Kuiuza pia ni kazi: wako wamiliki wanaoziweka sokoni kwa dola moja na hawapati mnunuzi, kwa sababu mnunuzi anaiogopa ile ada. Katika hali hiyo ndipo wanapojitokeza matapeli wanaopiga simu wakidai wamepata mteja, ila ulipe kwanza kodi au gharama za hati. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa utapeli wa namna hiyo hiyo dhidi ya wamiliki wa taimshea.

Haya yote hayana maana kwamba hakuna anayefaidika. Familia inayokwenda mahali pale pale kila mwaka, inayopanga mapema, na inayonunua kwa fedha taslimu kutoka kwa mmiliki anayetaka kutoka, inaweza kupata nyumba nzuri kwa gharama inayokaribiana na ada peke yake. Kununua kwa fedha taslimu kunawafaa pia wale wanaojiepusha na riba kwa sababu za dini. Kama mume wako bado anaipenda, kodini kwanza wiki moja kutoka kwa mmiliki katika majengo hayo hayo, wakati wa likizo ya shule, muone kama mnatosha. Mkiridhika, tafuteni ya mtumba yenye vyumba vitatu, mpate rekodi ya ada ya miaka mitano iliyopita, mjue kama kumekuwa na michango maalumu ya ukarabati baada ya kimbunga, na mwulize ni manufaa gani ambayo kampuni humnyima anayenunua kwa mmiliki wa zamani, kwa kuwa kampuni kadhaa hufanya hivyo.

Ikitokea mmetia sahihi kabla jibu hili halijawafikia, sheria ya Florida inawapa siku kumi za kalenda za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu siku ya kutia sahihi au siku ya kupokea nyaraka zote zinazotakiwa, kutegemea ipi ilikuja baadaye. Haki hiyo haiwezi kuondolewa hata mkiwa mmeandika kwamba mmeiacha. Pelekeni barua kwa anwani iliyotajwa ndani ya mkataba, kwa posta ya rejesta; simu na ahadi za muuzaji hazihesabiki.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Leicester, Uingereza. Tukiwa likizoni Tenerife, kisiwa cha Hispania, mimi na mke wangu tulitia sahihi mkataba wa klabu ya likizo kwa ajili yetu na watoto sita, tukalipa euro 3,000 papo hapo. Sasa ni siku ya tisa na tumejuta. Tufanyeje?
Baba Salma

JIBU: Baba Salma, wewe tulikujibu siku ile ile barua ilipofika; tunachapisha jibu kwa ajili ya wengine. Kwa mujibu wa sheria ya Hispania ya mwaka 2012, inayofuata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008, mnazo siku 14 za kujitoa bila sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote, kwa hiyo hizo euro 3,000 hazikupaswa hata kupokelewa. Mkataba ulitakiwa kuambatana na fomu ya kujitoa. Kama hamkupewa, muda wenu unarefuka kwa mwaka mzima. Kama mlichukua mkopo kupitia kwa muuzaji, nao unavunjika pamoja na mkataba bila gharama. Tumeni fomu au barua sasa, mkihifadhi uthibitisho wa tarehe.

SWALI: Sisi ni ndugu saba, wenye watoto ishirini na wawili kwa jumla. Tunataka kuchangiana kununua wiki mbili kila Desemba kwa miaka 25 katika hoteli moja ya kusini mwa Mombasa. Je, kuna hatari gani?
Mjukuu wa Bi Mwana, Nairobi

JIBU: Hatari ya kwanza ni sahihi zenu wenyewe. Mkitia sahihi wote saba, mara nyingi mkataba utamruhusu mwenye hoteli kumdai yeyote kati yenu ada yote pale mmoja anaposhindwa, na katika miaka 25 hakika kuna atakayeshindwa, atakayehama, na atakayefariki akaacha mjane asiyejua habari za deni hilo. Pili, mnachonunua ni haki ya kutumia, wala si ardhi, na kama mwenye hoteli si raia wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mwambieni wakili atazame katika masjala ya ardhi imebaki miaka mingapi, na kama kuna benki inayoishikilia hati kama dhamana. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inazitaja taimshea waziwazi na inampa mnunuzi haki ya kuvunja mkataba bila sababu katika siku chache baada ya kupokea nakala yake ya maandishi, hivyo msiondoke ofisini bila nakala hiyo.

Mimi ningeanzisha chama cha familia, kila mmoja akachangia kila mwezi, na kila Machi mkakodi nyumba mbili au tatu za jirani Diani au Watamu kwa ajili ya Desemba. Nyumba zenye mpishi ni nyingi huko, na mwaka ambao ndugu wawili hawatakuja mtakodi nyumba moja pungufu, jambo ambalo mkataba wa miaka 25 hautawaruhusu. Mweka hazina asiwe yule mnayempenda zaidi. Awe yule anayeandika risiti.