Kwa mnaoanza kupima homoni za mimea: angalieni dakika ya kwanza

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, najua mnaiwaza ile mashine kubwa ya kromatografia na spektrometa, inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa masi zake. Msihofu, mtaizoea. Linalonitia wasiwasi ni yale mnayoyafanya shambani kabla hamjaifikia.

Nilipoanza, nilikuwa napima asidi absisiki, homoni inayoufanya mmea ufunge stomata, vile vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa na mvuke, wakati wa ukame. Nilikata majani ya migomba kwenye viwanja viwili, kimoja kimemwagiliwa, kingine kimenyimwa maji. Nikayatia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nikatembea nayo juani hadi maabara. Majibu yakatoka sawa kwa viwanja vyote viwili, na msimu wangu ukapotea. Jani lililokatwa halijafa. Linaendelea kupoteza maji, na linavyonyauka linazidi kutengeneza absisiki humo humo ndani ya kaveera. Homoni ya jasmoniki ina haraka zaidi: mmea ukijeruhiwa tu, inapanda ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo nendeni shambani na nitrojeni ya kimiminika, ile ile wanayohifadhia mbegu za madume wale wanaopandikiza ng'ombe. Ina nyuzi 196 chini ya sifuri. Kata, tumbukiza, basi. Anzeni saa ile ile kila siku, maana homoni hupanda na kushuka kati ya alfajiri na adhuhuri. Tena msimalize kiwanja kimoja ndipo mhamie kingine. Kateni kwa zamu, huku mmoja na kule mmoja, la sivyo mtapima tofauti ya saa mkidhani ni tofauti ya maji. Na tafadhali, nitrojeni hiyo msiifungie kwenye chombo kisichopumua, wala msisafiri nayo kwenye gari lililofungwa madirisha. Ikigeuka hewa inaongezeka karibu mara 700 na kuifukuza oksijeni mnayoivuta.

Saga kwa kinu na mchi vilivyopozwa kwa nitrojeni, unga usiyeyuke hata kidogo. Umeme ukikatika na sampuli zikayeyuka kwenye friza, usizigandishe tena ukanyamaza. Vimeng'enya vimeshafanya kazi yao. Ziandike kuwa zimeharibika. Najua inauma.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulidharau. Homoni hizi hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, na kila hatua, kuanzia methanoli baridi ya kuitoa homoni kwenye unga hadi kuchuja, inapoteza kiasi fulani. Mgomba una utomvu na kemikali nyingi za fenoli, nazo huivuruga mashine isisome vizuri. Dawa yake ni kutia kiasi unachokijua cha homoni ile ile iliyotengenezwa kwa atomi nzito. Absisiki ya kawaida ina masi 264, yenye deuteri (hidrojeni nzito) sita ina 270, na mashine inazitofautisha. Fikirieni mfugaji wa Nyabushozi anayechanganya ng'ombe 10 wenye alama katika kundi lake. Wakitoka msituni 5 tu wenye alama, anajua nusu ya kundi imebaki huko. Lakini alama hizo zitiwe mwanzo kabisa, pamoja na methanoli ya kwanza. Ukizitia mwishoni, hazikuambii chochote juu ya kilichopotea njiani.

Ethilini, homoni nyingine ya mimea, ni gesi, ina njia yake: chupa iliyofungwa, bomba la sindano, kromatografia ya gesi.

Halafu uzito. Jani lenye kiu limepoteza maji, kwa hiyo nanogramu kwa gramu ya jani bichi zinaweza kupanda bila mmea kutengeneza hata chembe ya homoni. Kila mara toeni kipande cha jani lile lile, kipimeni kibichi, kikausheni, kipimeni tena, na muandike namba zote mbili kwenye daftari siku hiyo hiyo.