Kabla Hujatandika Shuka Chini ya Genge

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia. Anataka kuwapeleka wanawe ufuoni, kule ambako mchanga uko mbele na genge refu liko nyuma, na anauliza abebe nini. Nilianza kumjibu habari za kofia na maji ya kunywa, nikafuta. Dada, ya kubeba utayajua mwenyewe. Mimi nitakueleza yaliyonipata.

Nilikwenda na mpwa wangu, wakati huo ana miaka 7. Tulifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa kabisa, mchanga umetanda hadi ng'ambo ya pua ya genge. Tukaizunguka ile pua kwa sababu huko hakukuwa na watu na kulikuwa na kivuli. Nikatandika shuka pale pale kwenye mzizi wa genge, mgongo nimeuegemeza kwenye udongo, roho yangu imetulia.

Saa sita nikatazama bahari: bado iko mbali. Nikajiambia, kama kwa saa mbili imesogea hivi tu, mchana wote ni wetu. Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wengi mnapokosea. Maji hujaa kwa saa sita na ushei, lakini hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza yananyemelea. Saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika hizo mbili pekee hupanda karibu nusu ya kimo chote. Tena siku ile ilikuwa bamvua, yaani maji hujaa kupita kawaida, mwezi mpevu, na mimi hata kalenda sikuangalia.

Kilichonishtua hakikuwa maji. Ilikuwa kokoto. Moja ilidondoka kwenye shuka, kisha vumbi jembamba kama unga likaanza kutiririka ukutani. Mpwa wangu akachekelea, akakinga kiganja limwagikie. Nikainua macho, nikaona ufa mweusi, na ndani ya ufa mizizi ya majani inaning'inia hewani. Nikamvuta mkono. Tulipofika kwenye pua, pale tulipopita pakavu, maji yakanifika kiunoni. Nikampandisha mabegani, nikangoja wimbi lirudi, nikapita nikipapasa ukuta. Alinishika nywele kwa mikono miwili, hasemi neno.

Tulitoka salama. Lakini dada yangu aliposikia alisema, "Sikukupa mtoto uende kumchezea kamari," na kwa mwaka mzima hakuniachia tena. Neno lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu alisema kweli.

Kwa hiyo sikilizeni. Genge la udongo na mchanga ulioshikamana si ukuta wa nyumba. Mawimbi hulila chini, mvua hulilegeza juu, na siku ya kuporomoka huenda ikawa siku ya jua, anga jeupe. Agosti 2019, huko Encinitas, California, kipande cha genge kiliwaangukia watu wa familia moja waliokaa ufuoni mchana. Watatu walikufa. Hawakufanya lolote ambalo mimi sikulifanya.

Kaeni mbali na mzizi wa genge, angalau umbali wa kimo chake. Mchanga usipotosha, siku hiyo msikae. Kivuli, bebeni mwavuli. Na mlioko juu, msisogee ukingoni kupiga picha; chini ya majani mnayokanyaga pengine hamna kitu. Tazameni jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa kwa bahari, kabla ya kutoka nyumbani, hasa mwezi ukiwa mpevu au unapoandama. Nasema tena, jedwali la maji! Watu hutafuta habari za mvua, bahari wakaisahau. Mkifika, tafuteni ngazi kabla ya kutafuta nafasi, na kibao cha onyo kisomeni hadi mwisho.

Mwezi uliopita nilikwenda tena na mpwa wangu, sasa ana miaka 12. Kabla sijavua viatu akaniuliza, "Mama mdogo, maji yanaanza kujaa saa ngapi?" Nikamwonyesha kwenye simu. Tukakaa karibu na ngazi, juani.