Anubias inayooza: anza kwa kuifukua

Ndugu yangu, umesema anubias yako, ule mmea wa kwenye tangi la samaki, inaoza kwa chini, majani yanaachia yenyewe, na umeongeza taa hadi saa 12 kwa siku ukidhani imekosa mwanga. Mwanga siyo shida. Ondoa changarawe polepole uliangalie lile shina nene linalolala, ambalo mizizi inatokea. Likibonyea na kunuka, kata kwa wembe safi mpaka ufike penye ugumu na ukijani, kisha lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Shina hilo halifukiwi kamwe! Mizizi ndiyo inayoweza kuingia kwenye changarawe.

Taa ipunguze iwake kwa muda wa saa 6 au 7 kwa siku. Anubias hukua taratibu mno, kwa hiyo mwanga wa ziada unaishia kulisha mwani unaoganda juu ya majani. Maji badilisha robo kila wiki.

Mbolea isubiri jani jipya. Likichomoza la njano huku mishipa yake ni ya kijani, huenda madini ya chuma yamepungua. Na tafadhali, usiing'oe kila mara kuichungulia. Iache ishike jiwe.