Gia zimegoma ghafla? Anza na klachi
Gia zilizokuwa zinaingia vizuri jana zikigoma leo, usikubali giaboksi ifunguliwe kwanza. Vuta hendibreki, zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini hivyo lakini zikagoma injini ikiwaka, na rivasi inakwaruza, basi klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi.

Pampu pedali ya klachi haraka mara tano au sita, jaribu tena. Ikikubali, kuna hewa kwenye mfumo au silinda ya juu (inayosukumwa na pedali) inapitisha oili kwa ndani. Tazama kibakuli cha oili ya breki (magari mengi klachi na breki huchota kimoja), kisha funua mpira wa silinda ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Ukikuta umelowa, raba zimekwisha: badilisha, jaza oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, toa hewa. Oili ya injini usitie kabisa, huvimbisha raba, za breki pia.

Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, kagua kebo na bushi za plastiki za mkono wa gia. Gia moja tu ikikwaruza ni sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia), na hiyo huchakaa taratibu, haiji ghafla. Fundi anayetaja seti nzima ya klachi kabla hajalala chini ya gari, mwache.