Domeni imeandikwa jina la nani?

Mwanangu, marahaba.

Swali lako nimelipata. Fundi aliyekutengenezea tovuti ya biashara anadai fungu lake la mwisho, nywila bado anazo yeye, nawe unauliza nani atangulie: utoe pesa kwanza, au akabidhi nywila kwanza? Nywila si kitu, mwanangu. Hubadilishwa kwa dakika moja, na mwenye uwezo wa kuibadilisha ni yule ambaye barua pepe yake ndiyo iliyofungulia akaunti. Mimi nataka kujua domeni, yaani ile anwani ya tovuti yako mtandaoni, kama zile zinazoishia na .com, imeandikwa jina la nani.

Cheka tu. Najua mlivyokuwa mkinitania na dada yako kwa swali hilo. Lakini kisa cha mjomba wako mnakijua nusu. Nusu ya pili hapendi kuisimulia, kwa hiyo nitaisimulia mimi.

Ni enzi zile nashika vitabu vya hesabu pale kwake. Nikawa nafunga mwaka, napanga risiti, naona ya umeme ipo, ya simu ipo, ya domeni haipo. Nikatafuta ya mwaka uliotangulia, nayo hakuna. Domeni hulipiwa, hata kama ni mara moja kwa miaka kadhaa, maana zile za .com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 mbele. Sasa kama sisi hatulipi, na tovuti iko hewani, analipa nani? Nikaenda kumuuliza mjomba wako. Alikuwa na wageni. Akanijibu mbele yao, "Dada, wewe shika vitabu vyako, haya mambo ya vijana waachie vijana." Wageni wakacheka. Nami nikacheka nao, ningefanyaje? Mpaka leo nikimkumbuka yule mgeni wa miwani alivyojipiga paja, natamani kumjibu.

Baadaye, asubuhi moja, barua pepe zikanyamaza. Hakuna aliyeshtuka, walidhani ni siku ya utulivu. Kumbe kila aliyetuandikia alikuwa akirudishiwa barua yake, mpaka mteja mmoja akapiga simu kuuliza kama tumefunga biashara. Watu husahau kwamba anwani zote za ofisi zinaning'inia kwenye domeni ileile. Ikikatika, tovuti na barua pepe huanguka pamoja.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikatafuta kumbukumbu za usajili. Wakati ule majina ya wenye domeni yalikuwa wazi kwa kila mtu. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, ndiyo iliyosababisha mengi yafichwe. Nikaona mstari wa mmiliki: jina la yule kijana aliyetutengenezea tovuti, herufi kwa herufi, na chini yake barua pepe yake ya enzi za chuo. Jina la mjomba wako halikuwepo popote. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Kampuni ya usajili, yaani ile inayosajili domeni na kupokea malipo yake, inalazimika kumtumia mwenye domeni ukumbusho mwezi mmoja hivi kabla, na tena wiki moja kabla. Basi ulitumwa, ukaingia kwenye sanduku ambalo mwenyewe alishaacha kulifungua.

Kijana alikuwa amehamia nchi nyingine kikazi. Tulimpata kwa kuulizia kwa jamaa zake, na alitusaidia siku hiyohiyo. Domeni ilikuwa imeshaingia kwenye zile siku 30 za kukombolewa, ambazo hutozwa faini juu ya ada. Zikipita hizo, zinabaki siku 5 tu, kisha yeyote duniani anaisajili na huna la kusema.

Hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika. Maana yule kijana hakuwa mwizi. Alisajili kwa jina lake kwa sababu mjomba wako hakuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, akawa analipa mfukoni kwake mwaka hadi mwaka. Aliniambia kwenye simu, bila hasira, "Mama, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza." Nikanyamaza, maana mwenye kuuliza alikuwepo, ila alikatazwa. Kwa hiyo sitaki umwone huyu wako kama adui. Wengi hufanya hivyo kwa wema au kwa haraka. Lakini tena, wema wa mtu hauandikwi kwenye usajili. Kinachoandikwa ni jina. Jina kwanza, mwanangu, nimesema miaka yote.

Basi fungua akaunti kwenye kampuni ya usajili wewe mwenyewe, kwa jina la biashara. Barua pepe utakayoweka pale isiwe ya domeni hiyohiyo, maana siku ikikatika, ujumbe wa kubadilisha nywila utatumwa kwenye anwani iliyokwisha kufa. Kisha akuhamishie domeni huko. Kuna msimbo wa uhamisho, yaani namba ya siri ya kuhamishia domeni, na mwenye domeni akiuomba, kampuni iliyosajili domeni ya .com haina ruhusa ya kuukalia zaidi ya siku 5. Umeona neno hilo, "mwenye domeni"? Ndiye anayesikilizwa, hata kama tovuti ni ya biashara yako.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na nakala rudufu ni hivyohivyo, na humo ndani ya tovuti uwe msimamizi mkuu, usikubali kuwa mhariri tu. Na mwambie aandike kwamba hakimiliki ya kazi aliyoifanya ni yako ukishalipa, kwa sababu katika nchi nyingi msimbo wa programu alioandika fundi wa kujitegemea hubaki mali yake mpaka kuwe na maandishi ya kukuhamishia. Karatasi moja inatosha.

Kuhusu pesa, baba yako amekaa hapa pembeni anasema nikwambie waziwazi na nisizunguke. Sikwambii. Kazi ameifanya, na jasho la mtu halicheleweshwi. Halafu tena, ukishalipa lote utamshika wapi? Fundi unamjua wewe, mimi simjui. Ila mpigie leo, umuulize ukumbusho wa malipo ya domeni unaingia kwenye barua pepe ya nani. Akikujibu pale pale, akasema na lini atakuhamishia, mimi nisingemnyima pesa yake hata siku moja. Akianza kukueleza jinsi mambo hayo yalivyo magumu kwa mtu asiye wa fani, basi… nimeshasema sikwambii. Baba yako anacheka.

Mama yako