Maswali ya Wasomaji: Njia za Baiskeli Zinazokatika Njiani

SWALI: Halmashauri nne zinazopakana zimeipa kamati yetu kazi ya kupanga mtandao mmoja wa njia za baiskeli. Kila moja ina vipande vyake, lakini havikutani. Tuongeze urefu kwanza au tuunganishe?

JIBU: Unganisheni. Ila msianzie kwenye vipande vilivyopo, maana vingi hujengwa palipokuwa na nafasi, si watu wanakoelekea. Chukueni ramani tupu, mtie nukta kwenye shule, masoko, hospitali, viwanda, stendi za mabasi na vituo vya treni. Pigeni mistari iliyonyooka kati ya nukta hizo, ndipo mtafute barabara halisi iliyo karibu na kila mstari. Njia kuu ikiurefusha mstari kwa zaidi ya theluthi, waendao kazini wataikwepa.

Kisha chora mito, reli na barabara kuu. Mahali pa kuvukia vizuizi hivi ni pachache, na ndipo panapoamua mtandao utapita wapi. Daraja lisilo na nafasi ya baiskeli huua kilomita nyingi nzuri za pande zote mbili.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote. Mwaka 2012 watafiti Mekuria, Furth na Nixon walieleza njia ya kuzipanga barabara katika ngazi 4 za msongo, yaani hofu anayoipata mwendesha baiskeli kwa sababu ya magari: ya 1 humfaa hata mtoto, ya 2 huvumilika kwa watu wazima wengi, ya 3 ni ya wazoefu, ya 4 ni ya wachache wasioogopa magari. Kipande hupewa ngazi ya sehemu yake mbaya zaidi. Njia tulivu inayokata barabara ya njia nne pasipo taa wala kisiwa cha kusimamia katikati si tulivu tena. Sasa futeni ngazi ya 3 na ya 4. Mtabaki na visiwa vya njia tulivu vilivyotengana, na mapengo kati yake ndiyo orodha yenu ya kazi. Anzeni na pengo fupi linalounganisha visiwa vikubwa. Mara nyingi ni makutano ya barabara, wala si barabara nzima.

SWALI: Ni wakati gani baiskeli zitenganishwe na magari, na kwa upana gani?

JIBU: Kasi ikiwa kilomita 30 kwa saa au chini, na magari yasizidi 2,000 hivi kwa siku, wanaweza kuchanganyika. Kasi ikifika 50, mstari wa rangi hautoshi. Wekeni ukingo au nafasi ya kutenganisha. Njia ya uelekeo mmoja iwe mita 2 ili mtu aweze kumpita mwenzake. Ya pande mbili iwe mita 3, na 4 penye watu wengi. Pimeni upana unaotumika kweli: ukuta au uzio hula karibu nusu mita, kwa kuwa hakuna anayeendesha akiugusa.

Vigingi vya kuzuia magari viachane mita 1.5. Vikibanana, au mkiweka mageti ya kupindapinda, mmewafungia nje wenye baiskeli za mizigo, za matairi matatu na zinazoendeshwa kwa mikono. Nao ni waendesha baiskeli. Vyuma vya mifereji vilazwe kukingama na mwendo, la sivyo tairi jembamba litazama.

SWALI: Vibao je? Kila halmashauri ina rangi yake.

JIBU: Tumieni namba. Mkoa wa Limburg, Ubelgiji, ulianza mfumo huu mwaka 1995: kila makutano ya njia yana namba, na kibao huonyesha namba zinazofuata. Mwendeshaji huandika tu 14, 27, 31 kisha akazifuata. Ofisi moja ndiyo igawe namba kwa eneo zima, zisijirudie karibu karibu. Kibao kimoja kikae kabla ya kona na kingine baada yake, kumthibitishia mtu kuwa hajapotea. Na kwenye kila mpaka wa halmashauri, andikeni kabla ya ujenzi nani atafagia, nani atabadilisha taa na nani ataziba mashimo.